Bajeti ya halmashauri: kasma inayomgusa mnunuzi wa mpunga Didia

Wiki hii ukurasa huu unaiweka kando kidogo bei ya gunia na kugeukia waraka ambao wafanyabiashara wengi hawaufungui, ingawa ndio unaoamua sehemu ya faida yao itakayobaki mfukoni. Waraka huo ni makisio ya mapato na matumizi ya halmashauri. Mnunuzi wa mpunga anajua bei ya jana Kahama na ya leo Mwanza, anajua mashine ipi ya kukoboa inakata mchele na ipi inautoa mzima, lakini ukimuuliza halmashauri yake imepanga kukusanya kiasi gani cha ushuru wa mazao mwaka huu wa fedha, atakutazama kama uliyemuuliza habari za mbinguni. Na hapo ndipo anapolaliwa.

Didia ni kata ya Halmashauri ya Wilaya ya Shinyanga, kando ya barabara kuu itokayo mjini Shinyanga kwenda Tinde, pale njia inapogawanyika, moja ikielekea Isaka na Kahama na nyingine Nzega. Ni mahali pa mpunga, mahindi, viazi vitamu (na michembe yake), pamba na ng'ombe. Kiutawala, mambo ya Didia hayaamuliwi mjini Shinyanga, kwa kuwa manispaa ile ni halmashauri nyingine kabisa yenye madiwani wake na ushuru wake. Ofisi za halmashauri ya wilaya zilihamia Iselamagazi, baada ya agizo la Serikali la mwaka 2019 kuwa halmashauri za wilaya zitoke mijini zikae kwenye maeneo yao. Kwa mtu wa Didia anayetaka kusikiliza baraza la madiwani, hiyo ni safari ya kupanga siku nzima. Wengi hawaendi, na bajeti hupita bila wao.

KALENDA YA FEDHA

Mwaka wa fedha wa Serikali huanza Julai 1 na kuishia Juni 30. Kwa utaratibu, Hazina hutoa mwongozo wa bajeti mwishoni mwa mwaka, vijiji hutoa vipaumbele vyao, kamati ya maendeleo ya kata huvipitia, wataalamu wa halmashauri huviingiza kwenye rasimu, kisha Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango huikagua kabla ya kupelekwa baraza kamili. Kikao cha baraza cha kupitisha bajeti kwa kawaida huwa kati ya Januari na Februari au mwanzoni mwa Machi. Kutoka hapo waraka huenda mkoani, kisha TAMISEMI. Waziri anaposimama Dodoma mwezi wa Aprili kusoma makadirio yake, na redio zote zikamtangaza, mambo yanayomhusu mwenye ghala la Didia yalikwisha kuamuliwa kitambo. Wafanyabiashara wengi huanza kulalamika Julai, mkusanya ushuru anapofika na kiwango kipya.

Bajeti ya halmashauri ina mafungu makubwa matatu. Kuna mishahara ya walimu, waganga na watumishi wengine, ambayo hutoka Hazina na ambayo diwani hana la kuongeza wala kupunguza. Kuna matumizi mengineyo, yaani mafuta, posho, karatasi, safari na vikao. Na kuna miradi ya maendeleo, kwa ruzuku ya Serikali Kuu, fedha za wahisani na mapato ya ndani. Kwa halmashauri nyingi za vijijini, mapato ya ndani ni sehemu ndogo tu ya bajeti nzima. Ndiyo maana jumla inayosomwa barazani, mabilioni kwa mabilioni, inampoteza msikilizaji. Fedha ambazo madiwani wana sauti nazo kwa kweli ni zile za ndani, na hizo ndizo zinazotoka kwa mnunuzi wa mazao, mwenye duka, mwenye mashine, mama lishe, na mfugaji aliyepeleka ng'ombe mnadani.

Mfanyabiashara asome basi ukurasa wa mapato ya ndani kwanza, na asome tarakimu mbili zilizo jirani: makisio ya mwaka unaokuja, na kiasi kilichokusanywa hadi Desemba katika mwaka unaoendelea.

Tuchukue mfano wa kuhesabia tu, usio wa halmashauri yoyote. Halmashauri ilikisia kukusanya sh. bilioni 3 kwa mwaka. Hadi Desemba imepata sh. bilioni 1.2, yaani asilimia 40. Ikienda kwa mwendo huo itafunga mwaka na sh. bilioni 2.4. Lakini kwenye rasimu ya mwaka unaofuata wataalamu wameandika sh. bilioni 3.6, kwa sababu mwongozo unataka mapato yapande na hakuna mkurugenzi anayependa kuonekana amepanga kushuka. Barazani hoja hiyo hupigiwa makofi kuwa ni "kuongeza mapato kwa asilimia 20". Si asilimia 20. Ukilinganisha na fedha iliyopo mkononi ni ongezeko la nusu nzima. Hakuna soko lililokua kwa nusu katika mwaka mmoja, hivyo fedha hiyo ama haitapatikana, ama itatafutwa kwa watu walewale waliolipa mwaka jana.

Isipopatikana, kinachokatwa kwanza ni maendeleo. Kwa muda mrefu maelekezo yamekuwa kwamba halmashauri zenye mapato madogo zipeleke asilimia 40 ya mapato ya ndani kwenye miradi, na zenye mapato makubwa asilimia 60. Katika mfano wetu, asilimia 40 ya bilioni 3.6 ni sh. bilioni 1.44 zilizoahidiwa, wakati asilimia 40 ya bilioni 2.4 ni sh. milioni 960 tu. Tofauti ni sh. milioni 480: choo cha soko kisichojengwa, au mtaro wa gulio unaobaki bwawa kila masika. Na hapo tumechukulia kuwa gari halikujazwa mafuta kabla ya choo.

MSIMU UNAOPASUA MWAKA

Kuna jambo moja ambalo wachumi wa Dodoma hawalitaji sana, nalo kwa mnunuzi wa mazao wa Shinyanga ni kubwa. Mpunga wa ukanda huu huvunwa kati ya Mei na Julai, na ununuzi wa pamba nao huanza mwezi wa Mei au Juni. Mwaka wa fedha wa halmashauri hukatika Juni 30, katikati ya msimu wenyewe. Mvua zikiwahi, magunia hutembea Mei na Juni na halmashauri hufunga mwaka ikitabasamu. Mvua zikichelewa, mavuno yaleyale huingia Julai na Agosti, na hesabu za mwaka uliopita huonyesha upungufu hata kama mkulima hakupoteza debe moja.

Matokeo yake ni kwamba wiki za mwisho wa Juni huwa ngumu barabarani. Mkusanya ushuru ana lengo alilopewa, na lori lenye magunia ndilo rahisi kulisimamisha. Mnunuzi mwenye mtaji wa kungoja anaweza kuacha mzigo ghalani hadi Julai, akasafirisha kwa utulivu. Mwenye mkopo wa wiki nne hawezi. Kwa hiyo makisio yaliyovimba yanamgharimu zaidi mfanyabiashara mdogo, na sehemu ya gharama hiyo yeye humshushia mkulima katika bei ya shambani, ingawa sheria inasema ushuru wa mazao ni wa mnunuzi. Kila aliyewahi kununua mpunga anajua kuwa "ushuru ni wa mnunuzi" ni maneno ya kwenye karatasi.

Uzito wa ushuru wenyewe tuuone kwa hesabu. Kabla ya mwaka 2017 kiwango kilifika asilimia 5 ya bei ya shambani. Mwaka huo Bunge lilikishusha, mazao ya biashara yakawa asilimia 3 na ya chakula asilimia 2. Kwa magunia 100 ya mpunga, tukiweka bei ya sh. 80,000/= kwa gunia kwa mfano, thamani ni sh. milioni 8. Asilimia 5 yake ni sh. 400,000/=, na asilimia 2 ni sh. 160,000/=. Tofauti ya sh. 240,000/= ni nauli ya lori kwa safari fupi. Mnunuzi alifurahi. Lakini fungu lililopungua kwa mnunuzi ndilo lililopungua kwa halmashauri, na halmashauri haikupunguziwa zahanati hata moja.

VYANZO VINAVYOHAMA

Tukumbushane kidogo ya nyuma, maana diwani anayekisia mapato anakisia juu ya ardhi inayohama. Halmashauri za wilaya zilifutwa mwaka 1972 katika mpango wa madaraka mikoani, zikarudishwa kwa sheria za mwaka 1982 na kuanza kazi tena 1984. Zilipewa kodi ya maendeleo, ile ambayo wazee wanaikumbuka kwa mgambo na kukimbilia vichakani. Juni 2003 Serikali iliifuta pamoja na ushuru mwingine mdogomdogo, na Hazina ikaahidi ruzuku ya kufidia pengo. Mwaka 2016 kodi ya majengo ilikabidhiwa TRA, na tangu Agosti 2021 inakatwa kwenye umeme wa LUKU. Desemba 2018 vilitoka vitambulisho vya wajasiriamali vya sh. 20,000/= kwa wenye mauzo yasiyozidi sh. milioni 4 kwa mwaka, na mwenye kitambulisho hakupaswa kudaiwa ushuru mwingine sokoni. Kwa muuza nyanya wa gulioni ilikuwa nafuu kubwa. Kwa mweka hazina wa halmashauri ilikuwa bajeti iliyopitishwa miezi kumi nyuma kuingiwa na maji ikiwa safarini.

Hatusemi kodi hizo zirudi. Kodi ya kichwa ilikuwa adha, na aliyeifuta alifanya vyema. Lakini kila chanzo kilichoondoka kiliacha uzito wake juu ya vilivyobaki, na katika wilaya ya wakulima vilivyobaki ni mazao, mifugo, leseni, na ushuru wa huduma.

DHAHABU NA MCHELE

Mchele wa Didia hauishii Didia. Unakwenda Kahama, Mwanza na Geita, kwenye matumbo ya wachimbaji, na mfanyabiashara anayeufuata huko hukutana na halmashauri ambazo makisio yake yana mstari ambao wa kwetu hawana kwa ukubwa ule: mgodi.

Ushuru wa huduma ulipangwa kwa miaka mingi kuwa asilimia 0.3 ya mauzo ghafi. Kwa duka la vipuri ni fedha ndogo, kwa mgodi ni mlima. Hata hivyo mikataba ya uchimbaji ya miaka ya 1990 na iliyofuata iliwawekea wachimbaji wakubwa kikomo cha dola 200,000 kwa mwaka, na Geita, ambako mgodi mkubwa ulianza uzalishaji mwaka 2000, iliishi na kikomo hicho zaidi ya miaka kumi kabla ya kuhamia kwenye asilimia. Septemba 2017 madiwani wa Geita walifunga njia za kwenda mgodini wakidai malimbikizo ya miaka ya nyuma, ambayo wao waliyataja kuwa zaidi ya dola milioni 12. Baadhi yao walikamatwa. Mtu anaweza kuwalaumu kwa njia waliyotumia, lakini tujiulize kwa nini deni la namna hiyo, la haki au si la haki, lifikie kudaiwa kwa mawe barabarani badala ya kuonekana mwaka hadi mwaka kwenye kitabu cha makisio, kasma yake ikiwa wazi, na diwani akauliza Januari.

Mwaka huohuo wa 2017 Sheria ya Madini ilirekebishwa, mgodi ukatakiwa kuandaa kila mwaka mpango wa kuihudumia jamii na kukubaliana na halmashauri. Geita mpango wa 2018 ulikuwa wa takriban sh. bilioni 9.2. Kwa kuwa sehemu kubwa ya fungu hilo hutoka kwa vifaa na kazi badala ya fedha taslimu, ukaguzi wake ni wa bei: nondo, saruji, madawati na taa zimeandikwa kwa kiasi gani, na dukani zinauzwa kiasi gani. Hapa mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi anajua kuliko diwani yeyote, na angefaa kuulizwa.

Kahama nayo inafundisha upande wa pili. Mgodi wa Buzwagi ulioanza mwaka 2009 ulifika mwisho wa uzalishaji mwaka 2021. Nyumba za wageni, mama lishe na wauza mchele waliokuwa wakitegemea mishahara ya pale walihisi kabla ya kitabu cha bajeti kuhisi.

Wilaya yetu nayo ina dhahabu kidogo, Mwakitolyo, lakini ni ya wachimbaji wadogo. Tangu soko la kwanza la madini lilipofunguliwa Geita, Machi 17, 2019, na mengine kufuata mikoani, dhahabu ya mchimbaji mdogo imekuwa na mahali pa kupimwa na kuandikwa, hivyo ushuru wa halmashauri unaoitegemea unaweza kuhakikiwa. Diwani wa Didia ana sababu ya kuuliza kuhusu Mwakitolyo ingawa si kata yake. Dhahabu ikilipa chini ya makisio, pengo litatafutwa kwenye mpunga.

RISITI NA MASHINE

Zamani fedha ya ushuru iliandikwa kwenye vitabu vya HW5, na kitabu kilichopotea kilipotea na fedha zake. Kisha ikaja desturi ya mawakala: mtu anashinda zabuni ya geti au gulio, analipa halmashauri kiasi maalumu kwa mwezi, kinachozidi ni chake. Ilikuwa biashara nzuri, hasa pale ambapo halmashauri yenyewe haikujua gulio linaingiza kiasi gani. Siku hizi kuna mashine za mkononi za kutolea risiti na namba ya malipo ya Serikali, na hesabu inaonekana makao makuu. Hata hivyo ripoti za Mkaguzi Mkuu, CAG, zimeendelea mwaka hadi mwaka kutaja makusanyo yaliyopitia mashine bila kufika benki. Ripoti hizo hutoka kila Aprili na halmashauri zinatajwa kwa majina. Kamati ya Bunge ya hesabu za serikali za mitaa, LAAC, huwaita wakurugenzi kujieleza. Mfanyabiashara anayetaka kujua kama ushuru wake ulifika asiishie kwenye risiti yake, aitafute halmashauri yake humo.

Mwandishi wa safu hii aliwahi kulipia magunia yaleyale mara mbili katika safari moja, mageti mawili, halmashauri mbili. Geti la pili lilikataa risiti ya la kwanza kwa sababu "haisomeki". Ilisomeka vizuri. Fedha ilikuwa ndogo kuliko saa nilizopoteza kubishana.

KINACHOWEZA KUFANYWA NA MTU WA DIDIA

Vikao vya baraza la madiwani viko wazi kwa wananchi. Kusikiliza hakuhitaji kibali, ingawa kusema ni kwa madiwani tu. Nafasi ya kusema iko chini zaidi, kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambao unapaswa kuitishwa kila miezi mitatu na kusomewa mapato na matumizi. Kikao cha kamati ya maendeleo ya kata, chini ya diwani, ndicho kinachopeleka juu vipaumbele vya Didia. Wafanyabiashara wa gulio wakimtuma mjumbe mmoja mwenye daftari, akaomba tarakimu mbili tulizozitaja, ya makisio na ya makusanyo hadi Desemba, kikao hicho hakitakuwa cha kupiga muhuri tu.

Kupandisha kiwango cha ushuru si jambo la mkurugenzi kuamka nalo. Kunahitaji sheria ndogo, na kabla ya sheria ndogo wananchi wanatakiwa kujulishwa ili watoe pingamizi, kisha Waziri aidhinishe na itangazwe katika Gazeti la Serikali. Mkusanyaji akija na kiwango kipya, aulizwe kwa heshima sheria ndogo ya mwaka gani. Mara nyingi atampigia simu mtendaji wa kata, na mara nyingine kiwango kitarudi pale kilipokuwa.

Wenye vikundi wana sababu ya ziada. Sheria ya mwaka 2018 iliagiza asilimia 10 ya mapato ya ndani ikopeshwe bila riba: wanawake asilimia 4, vijana 4, na watu wenye ulemavu 2. Mikopo hiyo ilisimamishwa Aprili 2023 kwa sababu ya marejesho mabaya na vikundi hewa, ikarudishwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Turudi kwenye mfano wetu. Makisio ya bilioni 3.6 yanaahidi sh. milioni 360 za mikopo, makusanyo ya bilioni 2.4 yanatoa sh. milioni 240. Kikundi kilichokwisha kuagiza mashine ya kukoboa kwa kutegemea tarakimu ya kwanza kitakuwa na deni kwa muuzaji kabla hakijapata mkopo.

Kwa wiki zijazo, mwenye mpunga ghalani afuatilie mvua na bei ya Kahama kama kawaida. Makusanyo ya kila robo mwaka yanapaswa kubandikwa kwenye mbao za matangazo za halmashauri na kata. Ubao wa kata ukiwa mtupu, mtendaji aombwe karatasi ya robo iliyopita, mstari wa ushuru wa mazao, makisio kushoto na makusanyo kulia. Pengo likiwa kubwa, magari yapangwe mapema, kabla ya wiki ya mwisho ya Juni.